Kuku, bata na kanga uwanja mmoja: mwongozo kamili wa kuanzisha ufugaji mchanganyiko

Ufugaji mchanganyiko huharibika mapema, mara nyingi kabla banda halijaezekwa. Mtu anakwenda kununua mitetea watano. Pembeni anakuta bata, anaona wamenona, anaongeza wawili. Kanga wana madoadoa mazuri, nao wanabebwa. Na bata mzinga dume, kwa jinsi anavyotanua mkia kama bwana harusi, nani angemwacha? Jioni wote wanafungiwa chumba kimoja, bakuli moja la maji katikati. Wiki tatu baadaye mwenye shamba anahesabu waliobaki na kusema hana mkono wa kufuga.

Mimi nilianza hivyohivyo, kasoro bata mzinga tu, kwa sababu pesa iliniishia. Nilichojifunza kwa hasara ni kwamba ndege hawa ni majirani wazuri lakini si wa kulala chumba kimoja. Wakishakuwa wakubwa wanaweza kushirikiana uwanja, kivuli na hata chakula. Mahali pa kulala, maji na malezi ya utotoni, kila mmoja na lake, isipokuwa kanga, anayeweza kukaa na kuku. Mpango ulioko hapa chini unatokana na hilo, na unachukua kama mwaka mzima kukamilika.

Hatua ya 1: Panga nani aingie kwanza

Kuku ndio wa kwanza, bila mjadala. Wanasamehe makosa ya mfugaji mgeni, chakula na chanjo zao hupatikana kirahisi kuliko za wengine, na mtetea anayeatamia ndiye atakayekutotolea hao wengine baadaye. Mitetea wanane hadi kumi na jogoo mmoja wanaitosha familia. Ukitaka mayai ya kula tu, jogoo si lazima. Mtetea hutaga bila yeye, ila mayai hayo hayatatoa vifaranga.

Bata waje wa pili, baada ya miezi mitatu au minne, ukishazoea kazi. Ni wagumu, magonjwa mengi ya kuku hayawatikisi, na konokono hawapumui wakiwepo. Anza na majike wanne na dume mmoja.

Kanga wa tatu. Wana kelele, nakuambia mapema, na jirani yako naye aambiwe mapema. Lakini kelele hizo ndizo ulinzi: mwewe au nyoka akionekana, kanga hupiga yowe kabla hujajua kuna jambo, na kuku hujifunza haraka kukimbilia vichakani wakisikia. Wanakula kupe na panzi, na hawachimbui bustani kama kuku.

Bata bukini ni wa mwenye majani. Hula nyasi kama mbuzi, kwa hiyo bila malisho ya kutosha utawalisha wewe na utachoka.

Bata mzinga nawaweka kando kabisa, na sababu si ugomvi. Kuku hubeba mdudu mdogo aitwaye Histomonas, anayesafiri ndani ya mayai ya minyoo ya utumbo wao. Kuku mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili. Mayai ya minyoo hudondoka na kinyesi, hukaa udongoni kwa miaka, na nyungunyungu huyameza. Bata mzinga akidonoa udongo huo au nyungunyungu huyo, anaugua ugonjwa wa kichwa cheusi: ini linaoza, kinyesi kinageuka manjano kama salfa, na vifo vinafuatana. Dawa ni kama hakuna. Marekani, kwa mfano, dawa ya mwisho iliyokuwa imeidhinishwa iliondolewa mwaka 2015. Kwa hiyo ukiwataka bata mzinga, wape ardhi ambayo kuku hawajakanyaga miaka ya karibuni, viatu vyao na koleo lao. Huwezi hayo? Waache. Tausi nao wamo katika hatari hiyohiyo. Kware, kwa udogo wao, wakae vizimbani mwao, uwanjani watakanyagwa.

Neno moja kuhusu madume kabla hatujaendelea. Jogoo mmoja kwa mitetea wanane hadi kumi, dume la bata mmoja kwa majike wanne au watano, kanga vivyo hivyo, bukini mmoja kwa watatu au wanne. Hesabu ya bata ndiyo ya kuogopwa. Jogoo hana uume. Kupanda kwake ni kugusanisha matundu tu, sekunde chache. Dume la bata anao, mrefu, uliojipinda kama parafujo. Akikosa majike wa kutosha atawarukia mitetea, na atawachana ndani. Nilimpoteza mtetea mmoja hivyo: alisimama ukutani mabawa yameshuka, nyuma pamevimba, nasi tukashinda tunamnywesha dawa ya kuhara. Siku ya tatu tulimwona dume mwenyewe kazini. Dume akianza tabia hiyo, mtenge siku hiyohiyo, usingoje ushahidi wa pili.

Hatua ya 2: Jenga banda kwa ajili ya usiku

Banda ni la kulala, kutaga na kujificha mvua. Maisha ya mchana yako nje. Hata hivyo usibane: kuku watatu hadi wanne kwa kila mita ya mraba, bata watatu, na muskovi (yule bata mkubwa mwenye nyama nyekundu usoni) wawili.

Gawa banda vyumba viwili kwa ukuta au wavu, kila kimoja na mlango wake. Kuku na kanga upande mmoja, bata upande wa pili. Sababu utaiona asubuhi ya kwanza: kinyesi cha bata ni majimaji, na bata husafiri na maji mdomoni. Kuku akilala juu ya unyevunyevu huo anapata mafua, kuhara damu na vidonda vya miguu. Tena kuku hulala juu na bata hulala chini, kwa hiyo katika chumba kimoja bata ataamka amepakwa kinyesi mgongoni.

Upande wa kuku weka fito zenye upana wa sentimita 4 hadi 5, kona zimelainishwa, kila ndege apate sentimita 20 hadi 25. Fito zote ziwe kimo kimoja, vinginevyo kila jioni kuna vita vya kugombea ya juu. Kanga tu ndio uwawekee moja juu zaidi, maana bila hivyo watahamia mtini. Viota: sanduku la sentimita 30 kila upande, moja kwa mitetea wanne au watano, mahali penye giza kidogo, na liwe chini kuliko fito; likiwa juu, watalala humo na mayai yatachafuka.

Upande wa bata hauhitaji fito, isipokuwa muskovi, ambao hupenda gogo la chini. Weka maranda au nyasi kavu nene, na mlango ulio sawa na ardhi. Bata hawezi ngazi, na mguu wake ukiteguka hauponi vizuri.

Kwa nyavu, usidanganyike na ule wavu mwembamba wa matundu makubwa. Huo humzuia kuku asitoke, haumzuii adui asiingie. Kicheche huupasua, nyoka na panya hupita katikati. Tumia wavu wa chuma wenye tundu la milimita 12 au 13 mahali popote wazi, na uufukie kiasi cha sentimita 30 chini ya ardhi kuzunguka banda ili mchimbaji akutane nao. Ukimaliza kujenga, zoa misumari na vipande vya waya hadi kimoja cha mwisho. Bata humeza kila king'aacho, na zinki ya vipande hivyo humuua polepole.

Hewa iingie juu, karibu na paa, si pale wanapolala. Namna ya kupima ni rahisi: alfajiri, kabla hujafungua, chuchumaa ndani hadi kichwa chako kifike kimo cha ndege, ukae dakika moja. Macho yakikuwasha, wao wamewashwa usiku kucha. Badilisha matandiko, ongeza matundu.

Hatua ya 3: Maji, kwani ndipo wengi wanaposhindwa

Kama ningeruhusiwa kueleza hatua moja tu, ningeeleza hii.

Kuku anataka maji safi, ya kina kifupi, yaliyoinuliwa hadi usawa wa mgongo wake asiyachafue. Bata anataka chombo chenye kina cha kutosha kuzamisha kichwa chote, kwa sababu ndivyo anavyosafisha pua na macho. Asipoweza, macho hujaa uchafu na kufumba. Bwawa si lazima. Lakini mpe ndoo yoyote, na baada ya robo saa yatakuwa matope. Hayo matope ndiyo kuku wanayokunywa ukiwa na chombo kimoja.

Kilichofanya kazi kwangu ni hiki. Maji ya kuku yako ndani ya uzio mdogo wenye mlango mwembamba uliokatwa sentimita 30 juu ya ardhi: kuku na kanga wanaruka, bata wanazunguka nje wakilalamika. Maji ya bata yako upande wa pili wa uwanja, mahali pa mteremko, ndoo mbili zimekatwa nusu na kuwekwa juu ya kichanja cha mbao chenye nafasi, chini yake kuna shimo la kokoto. Yanayomwagika yanazama, hakuna dimbwi. Kila asubuhi mabaki humwagwa kwenye migomba, ambayo kwa kweli ndiyo imefaidi kuliko sisi sote.

Dimbwi lililooza lina hatari nyingine. Mzoga ukioza ndani yake, au mboga, hutokea sumu inayolegeza shingo za bata. Unamkuta kichwa kimelala chini hawezi kukiinua. Ukiona hivyo, waondoe wote hapo mara moja, wape maji safi, kisha ndiyo utafute mzoga.

Hatua ya 4: Kununua, na kutenga

Vifaranga wa siku moja wana afya inayojulikana kama chanzo ni kizuri, lakini wanataka joto na uangalizi. Waliokomaa wanataga mapema, ila wanakuja na historia usiyoijua. Kwa kuku wa mwanzo napendelea tembe wa wiki 8 hadi 12: wamevuka umri wa joto, na bado wanazoea nyumba mpya. Bata nunua wadogo. Kanga nunua wadogo sana, au mayai, kwani kanga mkubwa akifunguliwa siku ya kwanza anarudi alikotoka, au anajaribu.

Unapochagua, mshike ndege mkononi. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kifua: ukiwa mkali kama kisu, amekonda. Angalia chini ya bawa na kuzunguka tundu la nyuma kama kuna chawa au utitiri. Msikilize anavyopumua, sikio karibu na mgongo. Angalia magamba ya miguu. Yakiwa yameinuka na kutifuka, kuna utitiri wa miguu. Nyuma kuwe kukavu. Mwuzaji asiyetaka umguse ndege wake, muage.

Kila anayeingia, hata zawadi ya shemeji, atengwe siku 30, mbali na wengine, na ahudumiwe mwisho, baada ya wa zamani. Najua siku 30 ni nyingi. Wiki mbili ndizo chache kabisa.

Hatua ya 5: Malezi ya vifaranga

Bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga kwa joto, inaweza kuwa sanduku kubwa, chanzo cha joto upande mmoja na upande wa pili pa baridi ili wachague wenyewe. Iwashwe siku moja kabla hawajafika. Wiki ya kwanza nyuzi 33 hadi 35 za selsiasi usawa wa migongo yao, kisha shusha nyuzi 3 kila wiki hadi kufikia hali ya hewa ya nje. Kipimajoto kinasaidia, vifaranga wanasema zaidi: wakirundikana chini ya joto wana baridi, wakijibanza kuta za mbali wamechomwa, wakitawanyika na kulala kila mahali uko sawa. Wakirundikana kona moja tu, kuna upepo unaingia.

Usitandike gazeti. Linateleza, miguu inafunguka kama mkasi na haikai tena sawa. Kitambaa kigumu siku za mwanzo, kisha maranda.

Bruda ya kuku na ya bata ziwe mbali. Kifaranga wa bata hulowesha kila kitu ndani ya saa moja, na kifaranga wa kuku aliyelowa hufa kwa baridi. Wa kanga wanaweza kukaa na wa kuku, mradi chombo cha maji kijazwe vijiwe hadi juu, kwa sababu ni wepesi wa kuzama hata kwenye sahani ya chai. Wakitoka nje, ngoja umande ukauke kwanza. Kinachowaua kanga wachanga ni majani yaliyolowa ya asubuhi kuliko mwewe.

Vifaranga wa bata walioletwa bila mama hawana mafuta ya manyoya yake. Usiwaachie waogelee peke yao kabla ya wiki ya nne. Watalowa hadi mwilini na kuzama. Bakuli dogo, dakika tano, wakiwa juani, kisha warudi kwenye joto. Na wanapokula unga mkavu, maji yawe karibu mno, kwani watakabwa.

Hatua ya 6: Chakula

Wachanga hawafanani. Kifaranga wa kuku anataka protini ya asilimia 18 hadi 20, wa bata karibu 20, wa kanga 24 hadi 26. Wa bata anataka pia niasini (aina ya vitamini B) karibu maradufu ya mwenzake wa kuku, miligramu 55 hivi kwa kilo ya chakula. Ikipungua, miguu hupinda na goti huvimba, na ukishaona hivyo umechelewa. Hamira ya lishe ikichanganywa kwenye chakula chao kila siku huziba pengo hilo.

Soma gunia. Vyakula vingi vya vifaranga vina dawa ya kuzuia kuhara damu. Salinomisini, ambayo kuku wanaivumilia, huua bata mzinga. Monensini, dawa nyingine ya aina hiyo, huua farasi na punda hata kwa kiasi kidogo, kwa hiyo kwenye shamba lenye punda gunia hilo lifungiwe. Kwa bata na kanga tafuta chakula kisicho na dawa.

Wakubwa ni rahisi zaidi. Wape wote chakula kimoja chenye protini ya asilimia 16 hadi 18, na chokaa ya mifugo au maganda ya konokono yaliyopondwa kwenye sahani yake pembeni. Anayetaga atachukua, dume na tembe wataacha. Chakula cha watagaji kina kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, ambayo huharibu figo za wadogo wasiotaga bado, na katika kundi mchanganyiko huwezi kumwambia nani ale nini. Mtetea mmoja hula gramu 110 hadi 130 kwa siku, bata zaidi. Mchanga wenye vijiwe usikosekane, maana ndivyo meno yao.

Vyombo viwe vingi na mbalimbali. Kanga dume ni mchokozi, humfukuza jogoo mkubwa mara mbili yake, na chombo kikiwa kimoja wanyonge watalala njaa.

Sasa ukungu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa miezi michache, na wataalamu wakahangaika kutafuta kirusi. Chanzo kilikuwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Sumu iliyogunduliwa humo ndiyo tunayoiita aflatoksini leo. Vifaranga wa bata nao walikufa, na hadi sasa wanahesabiwa miongoni mwa ndege wanaodhurika nayo upesi kuliko wote. Ndiyo maana ile desturi ya kusema "haya mahindi yameharibika, wamwagie bata" ni ya kuachwa. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Gunia liwe juu ya mbao, mbali na ukuta, nunua cha mwezi mmoja tu, na kilichonuka uvundo kifukiwe.

Hatua ya 7: Kuwakutanisha

Wageni wamemaliza karantini. Waweke ndani ya uzio wa wavu katikati ya uwanja wiki nzima, wenyeji wawaone bila kuwafikia. Kisha fungua jioni, saa moja kabla ya kulala, vyombo vya ziada vikiwa vimejaa na vimetawanywa. Kudonoana kidogo kutakuwepo. Ndivyo wanavyopanga nani mkubwa. Damu ikitoka, mtoe aliyejeruhiwa, kwani wote watalikimbilia jeraha. Usimwingize ndege mmoja peke yake, afadhali watatu. Wadogo wasikutanishwe hadi wawe wamekaribia umbo la wakubwa.

Kanga wanataka subira yao: wiki nne hadi sita ndani ya banda, wakilishwa hapohapo kila jioni kwa mlio uleule. Mimi natikisa kopo la mtama. Ukianza kufungulia, toa nusu yao. Waliobaki ndani watawaita wenzao.

Hatua ya 8: Chanjo na magonjwa

Kideri, wengine wanakiita mdondo, ndicho kinachofagia uwanja mzima. Kuku, kanga na bata mzinga wanaugua. Bata mara nyingi hawaugui lakini wanaweza kukibeba. Dalili ni kuhema mdomo wazi, kuhara kijani, shingo kujipinda, na vifo vya haraka. Tiba haipo. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko nyingine, hutolewa tone moja kwenye jicho moja, kipimo kilekile kwa ndege wa umri wowote, na hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Chanja wote siku moja, wenye afya tu. Kinga huchukua hadi wiki mbili kujengeka, kwa hiyo kuchanja ugonjwa ukiwa umeshaingia ni kupoteza tone. Ukitumia ya kuchanganya na maji, maji yasiwe na klorini, chombo kisiwe cha chuma, na iishe ndani ya saa mbili.

Kwa kuku ongeza chanjo ya gumboro katika wiki za mwanzo na ndui baada ya wiki ya sita hadi ya nane, hii ikichomwa kwenye ngozi ya bawa. Chanjo ya ugonjwa wa Marek hutolewa siku ya kwanza, kwa kawaida huko wanakototolewa, kwa hiyo uliza unaponunua. Ratiba kamili mpange na daktari wa mifugo, kwani anajua yanayozunguka eneo lenu.

Ndege wengi wakifa ghafla kwa pamoja, hasa kukiwa na bata mwitu wanaotua kwenye maji yenu, usiwashike mikono mitupu, usiwauze, usiwale. Toa taarifa. Homa ya mafua ya ndege huingia kwa njia hiyo, na hupata binadamu.

Hatua ya 9: Mtetea atotoe wote

Hapa ndipo ufugaji mchanganyiko unapolipa. Yai la kuku huatamiwa siku 21, la kanga 26 hadi 28, la bata 28, la muskovi 35, la bukini takriban 30. Mtetea aliyetulia kiotani ataatamia lolote kati ya hayo. Mpe mayai ya bata sita au saba, kwani ni makubwa, au ya kanga kumi na tano. Mayai yawe hayajazidi siku saba tangu kutagwa, yamehifadhiwa mahali pa baridi kiasi, ncha nyembamba chini.

Ukitaka mchanganyiko chini ya mtetea mmoja, anza na ya bata, na siku ya saba ongeza ya kuku, ili yote yapasuke pamoja siku ya 28. Ukiyaweka yote siku moja, vifaranga wa kuku watatoka, mama atanyanyuka nao, na ya bata yatapoa yakibakiza wiki. Weka alama ya penseli kwenye kila yai la kuku uliloongeza. Siku ya saba ya kila kundi, usiku, shika yai mbele ya tochi: mishipa kama buibui mwekundu ni uhai, likiwa wazi kama siku ya kwanza, litoe.

Kisha jiandae kwa tamthilia. Siku vifaranga wa bata watakapoliona bakuli la maji wataingia, na mtetea atazunguka ukingoni akilia kama aliyefiwa. Wiki nzima itakuwa hivyo. Wa kwangu alikata tamaa siku ya tisa, akawa anachakura kando na kuwasubiri.

Hatua ya 10: Mwendo wa kila siku

Asubuhi fungua kuku kwanza, bata baadaye, karibu saa tatu. Bata wengi hutaga kabla ya hapo. Ukiwafungulia alfajiri, mayai yatabaki vichakani. Kanga wao huficha kiota na kutaga kwa kushirikiana, hata mayai ishirini mahali pamoja. Ukikigundua usiyatoe yote, acha matano au sita, ama watahama.

Kuwe na daftari lenye safu nne: mayai kwa aina, chakula kilichotumika, vifo, chanjo. Ukiona mayai yanashuka siku tatu mfululizo, fungua kurasa za nyuma kabla hujanunua dawa. Mara nyingi utakuta ni gunia jipya au ni kipindi cha kunyonyoka manyoya. Ukitumia dawa ya antibiotiki, andika tarehe na usile wala kuuza mayai hadi siku zilizoandikwa kwenye kasha ziishe.

Samadi ya ndege irundikwe na majani makavu miezi kadhaa kabla haijaingia bustanini, kwani mbichi huunguza mimea.

Giza likianza, hesabu kwa aina, si kwa jumla, halafu funga komeo mbili, siyo moja, kwa sababu kuna wanyama wanaojua kuinua komeo. Kuku akipungua, tazama viotani na nyuma ya banda. Bata akipungua, fuata maji. Kanga akipungua, inua tochi juu ya mti ulio karibu, na kama yupo huko, mwache hadi asubuhi. Ukipanda kumfuata utaanguka wewe.